Mama mkwe hataki kuhamia Kingston: tumjengee kwenye ardhi ya ukoo isiyo na hati?

SWALI: Mimi ni Mtanzania, muuguzi, naishi Birmingham na mume wangu ambaye ni Mjamaika. Kwao nimefika mara moja tu, Agosti 2023, na wiki tatu tulizigawa kati ya nyumba mbili. Mama yake, mwenye miaka 74, yuko kijijini kusini mwa St Elizabeth: jikoni la nje, makaburi uani, na Kijamaika ambacho sikuambulia kitu, ila alinipokea kama mwanawe. Mama mdogo wake, miaka 67, mstaafu wa benki, yuko mlimani juu ya Kingston: nondo kila dirisha, dada wa kazi, Kiingereza cha mtangazaji wa redio. Mwanangu wa miaka sita alipotamka neno la kule kijijini mezani, alikatizwa akaambiwa hapa tunazungumza vizuri. Sikuamini kwamba hawa wamezaliwa tumbo moja. Kimbunga Melissa cha Oktoba 2025 kiling'oa paa la mama. Mdogo wake anataka ahamie kwake. Mama amekataa katakata, analala kwa jirani. Mume wangu anataka tutoe akiba yetu yote tumjengee pale pale, kwenye ardhi ya familia isiyo na hati. Je, mama ni mkaidi? Mama mdogo anaionea aibu asili yake? Pesa yangu itakuwa salama? Na mwanangu azungumze lipi?

JIBU: Dada yangu, mpe pole mama. Umeuliza maswali manne, lakini ninavyoisoma barua yako, linalokukosesha usingizi ni kwamba umewekwa katikati ya dada wawili usiowajua vizuri, na mkononi umeshika akiba ya miaka. Nitajibu kwa kirefu, maana jibu la pesa limo ndani ya jibu la hao dada wawili. Historia ya Karibi nimeifundisha kwa miaka mingi, na kwa muda niliishi Mona, mtaa wa Kingston, pembezoni mwa chuo kikuu, nikawa napanda matatu za Half Way Tree kila wiki. Kwa hiyo mshangao wako naujua, niliupata na mimi.

Tuanze kwa kuondoa picha moja kichwani. Wengi wetu Jamaika tumeijua kwa muziki, tukadhani kisiwa kizima ni Marasta na ufukwe. Katika sensa Marasta ni kama mmoja kwa kila watu mia. Wengine ni Waadventista, Wabaptisti, watu wa Church of God, Waanglikana, na huko St Elizabeth na jirani yake Manchester (ya Jamaika, si ya Uingereza) utawakuta Wamoravia waliofika tangu 1754. Kisiwa chenyewe kina urefu wa kilomita 235 hivi, na eneo lake halifikii mkoa wa Kilimanjaro. Udogo huo ndio unaotudanganya. Mtu anatoka kwa mama mkwe asubuhi akiwa na udongo mwekundu kwenye viatu, mchana yuko kwa mama mdogo kwenye vigae vya marumaru, anahisi kama amevuka mpaka.

Na kweli kuna mpaka, uliwekwa zamani. Utumwa Jamaika ulikoma kabisa tarehe 1 Agosti 1838. Serikali ya Uingereza ilitenga pauni milioni 20 kuwafidia wamiliki wa watumwa katika makoloni yake. Waliokuwa watumwa hawakupewa senti wala hatua moja ya shamba. Vibanda walivyolala na vijishamba vya viazi vikuu walivyojilimia vilibaki mali ya bwana, na mabwana wengi wakaanza kuwatoza kodi kwenye vibanda hivyo hivyo ili wasipate pa kwenda. Walioweza waliondoka. Wengine walisaidiwa na wamisionari wa Kibaptisti kununua mashamba na kuyakata vipande vidogo vidogo. Kijiji cha Sligoville ndicho kinachohesabiwa kuwa cha kwanza. Tambarare zenye maji zilibaki na miwa. Watu huru walipata milima, mawe na nyika.

Ukilijua hilo, ukaaji wa watu Jamaika unaanza kusomeka. Panapolimwa miwa utakuta kijiji cha vibarua wa mshahara, nyumba zimebanana, ardhi si yao. Panda mlimani, au nenda ile nyika ya kusini mwa St Elizabeth, utakuta mkulima mdogo anayekaa juu ya udongo wake. Kwa mama mkwe wako mvua ni ya kubahatisha. Niliwahi kumtazama mzee mmoja huko akishusha kichwani mzigo wa nyasi ndefu, zile za mbegu iliyotoka huku kwetu Afrika, akizitandaza kati ya mistari ya majani ya kitunguu, akizishindilia kwa nyayo ili unyevu usitoroke. Aliinama kutoka saa kumi na mbili hadi jua lilipokuwa kali, akahamia mstari mwingine. Kwa namna hiyo parokia ile (parokia ndiyo mikoa yao) inalisha sehemu kubwa ya kisiwa kwa matikiti, karoti, nyanya na vitunguu. Watu wa namna hii hawajioni maskini wanaosubiri kuokolewa. Wanajiona watu waliokataa kuwa vibarua.

Sasa mama mkwe wako. Pale kijijini ana jina: kila mdogo anamwita “Miss” na jina lake, kama sisi tunavyosema “bibi fulani”. Asubuhi hapiti mtu bila kusalimia. Anayeingia uwanjani bila “good morning” amekosa malezi, hata awe na shahada. Langoni watu hupaza sauti wakiomba mbwa ashikwe, ndiyo hodi yao. Wanawake wa umri wake wengi wako kwenye “partner”, ambao ni upatu wetu mtupu, kila mtu anatoa mkono wake na kila zamu mmoja anabeba, na mara nyingi mwanamke wa kanisani anayeaminika ndiye anakuwa kijumbe. Akifa mtu, kijiji kinakesha hadi usiku wa tisa, kama matanga. Mwulize mume wako mama ana nafasi gani katika hayo yote. Nitashangaa akikwambia hana.

Mtoe huyo mama umpeleke Kingston kwenye chumba cha nyuma, chenye kiyoyozi na nondo. Nini kitabaki? Atakuwa “dada yake fulani anayekaa hapo”. Jirani hamwoni, maana katika mitaa ile ya juu watu hutoka na kuingia kwa magari na malango hujifunga yenyewe. Kanisa la mdogo wake huenda ni tofauti na lake. Atakuwa salama, hilo sipingi. Ila usiite ukaidi pale mtu anapokataa kushushwa cheo akiwa na miaka 74.

Kuna na makaburi. Uliyaona, na labda yalikuogofya kidogo. Hapo ndipo ilipo ardhi ya familia, na naomba usome sehemu hii mara mbili, kwa sababu ndiyo inayogusa pesa yako.

Watu waliokuwa wao wenyewe ni mali ya kuuzwa waliponunua kipande cha kwanza cha udongo, walikiwekea sharti: hakigawanywi na hakiuzwi. Ni cha wote waliotoka tumboni na viunoni mwa yule aliyekinunua, waliozaliwa na watakaozaliwa. Sisi wa huku tunadhani tunalijua hili kwa sababu tuna vihamba na mashamba ya ukoo, lakini kuna tofauti moja kubwa. Koo nyingi za kwetu hufuata baba, na binti akiolewa ametoka. Kwao haki hupita kwa mama na kwa baba sawasawa, na mtoto wa nje ya ndoa ana haki ile ile. Aliyehamia Toronto miaka 40 iliyopita haki yake haijafa. Haki zenyewe ni kujenga ukikosa pa kukaa, kuchuma shelisheli, maembe na tunda lao liitwalo akee, kulima kona isiyolimwa, na kuzikwa. Kuuza hakumo.

Kwa hiyo nyumba mtakayojenga pale itakuwa ya nani? Kwa desturi, aliyejenga nyumba ni mwenye nyumba, lakini udongo ulio chini yake ni wa ukoo. Mama akishafariki, binamu wa mume wako aliyefukuzwa kwa kukosa kodi mjini Montego Bay anaweza kuja na godoro lake, na kijiji kizima kitasema ana haki. Hamtaweza kuiuza. Benki haitaikubali kama dhamana. Na watu wa familia nao wana hofu yao: sheria ya Jamaika inampa mtu aliyekalia ardhi peke yake kwa miaka 12 bila ridhaa ya wengine nafasi ya kudai kuwa ni yake. Mtoto anayetoka Uingereza na kumwaga zege anaweza kuonekana kama ndiye anayeanza kuhesabu hiyo miaka. Hapo utasikia neno lao “badmind”, maana yake ni husuda, na litatajwa pande zote mbili.

Na umesahau mtu mmoja kwenye hesabu yako. Mama mdogo. Yeye ni binti wa ardhi ile ile. Haki yake ni sawa kabisa na ya dada yake, hata kama hajashika jembe tangu utotoni.

Naye tumtazame bila kumhukumu. Kingston ilianza 1692, baada ya tetemeko kuizamisha sehemu kubwa ya mji wa bandari wa Port Royal, ikaanzia chini kando ya bandari. Kadiri mji ulivyojaa, wenye nacho walipanda juu kufuata upepo, na watu kutoka mashambani wakajaza mabanda ya chini, familia kadhaa kwenye uwanja mmoja wenye bomba moja. Hadi leo Mjamaika akitaja Cross Roads na Half Way Tree anataja mstari: chini yake ni mji wa chini, juu yake mji wa juu. Kuanzia miaka ya 1960 mitaa mingi ya chini ikafungwa na vyama vya siasa, kila mmoja na kura zake na bunduki zake, na katika uchaguzi wa 1980 waliuawa watu wapatao 800. Kijana mwenye anwani ya mtaa wenye sifa mbaya huandika ya shangazi yake anapoomba kazi. Lakini usifikiri matajiri wako mbali. Grants Pen iko katikati ya mitaa ya wakubwa, ukuta kwa ukuta, na nondo ulizoziona zinatokana na ukaribu huo.

Mama mdogo aliingiaje huko juu? Mtu wa miaka 67 leo alifikia umri wa kufanya mtihani wa kuingia sekondari mwishoni mwa miaka ya 1960. Mtihani ule ulianza mwaka 1957, na nafasi zilikuwa chache mno, watoto wa kijijini waliopita walihesabika. Aliyepita alipelekwa kwa ndugu Kingston na begi moja. Shuleni neno moja la nyumbani lilikuletea aibu au fimbo. Kisha benki: hadi miaka ya 1960 ilikuwa vigumu kumwona mtu mweusi tii nyuma ya kaunta ya benki Jamaika, kazi hizo walipewa weupe na wale wa rangi ya maji ya kunde wanaoitwa “brown”. Rangi na tabaka havikwenda sawa kila mahali, kwani St Elizabeth penyewe utakuta wakulima wa hali ya chini wenye ngozi nyeupe kabisa, lakini kwenye kaunta zilikwenda sawa. Binti kama huyo alikuwa na silaha moja tu, namna anavyofungua mdomo. Alipomkatiza mwanao mezani, nadhani aliona mtoto akifungiwa mlango ambao yeye aliufungua kwa taabu. Alikosea, na nitasema kwa nini. Ila nisingeiita aibu. Ni woga wa mtu anayejua bei.

Alikosea kwa sababu Kijamaika si Kiingereza kilichovunjika. Maneno mengi ni ya Kiingereza, ndiyo, lakini mjengo wake una mifupa ya Afrika Magharibi. “Unu”, wanavyowaita “ninyi”, ni neno la Kiigbo lilivyo. (Na ukisikia “nyam”, kula, usikimbilie nyama yetu, lilitoka magharibi pia.) Chuo kikuu cha Mona kina kitengo cha lugha hiyo tangu 2002, na Agano Jipya lilitoka kwa Kijamaika mwaka 2012. Sikiliza siku mama mdogo akigonga kidole mlangoni au akicheka na rafiki wa shule: kitatoka chenyewe. Watu wa juu wanakijua wote. Tofauti ni kwamba wao wana lugha mbili za kuchagua, na mkulima mara nyingi anahukumiwa kwa moja. Mwanao muache aongee cha bibi yake kwa bibi yake, na Kiingereza kwa mama mdogo, kama watoto wa kwetu wanavyoongea Kichaga kwa bibi na Kiswahili shuleni. Kitu kimoja msimamie: asalimie kila mtu, akiwemo dada wa kazi. Hapo nyumba zote mbili hazina ubishi.

Huyo dada wa kazi, kwa njia, yaelekea anatoka kijiji kama cha mama mkwe. Ndiye anayemwita mwenye nyumba “Miss”, na mwenye nyumba anamwita kwa jina tupu hata kama dada huyo ndiye mkubwa kwa umri. Neno ni lile lile la kijijini. Kule linapanda kwa umri, huku linapanda kwa mfuko.

Usidhani pia kwamba visiwa vyote viko hivi. Barbados ni tambarare na ilijaa miwa kila pembe, waliopata uhuru hawakuwa na mlima wa kukimbilia, wakabaki kwenye ardhi ya bwana na nyumba ndogo za mbao zinazoweza kufunguliwa na kubebwa. Haiti mtu wa shamba anaitwa “moun andeyò”, mtu wa nje, na hadi 1995 cheti chake cha kuzaliwa kilimtambulisha kuwa ni mkulima. Ninataja ili mtu wa kisiwa kingine akikushauri kuhusu ardhi, ujue anashauri ya kwao.

Turudi kwenye pesa. Kumhamisha mama kwa nguvu sikushauri. Kumnunulia kiwanja chenye hati katika mji wa Mandeville kuna faida: hali ya hewa ni baridi, hospitali kubwa ya kanda iko hapo, na ni mahali Wajamaika wengi waliostaafu kutoka Uingereza wamejenga. Lakini hao hao wengi wanazeeka wapweke nyuma ya nondo, na mama hana mtu hapo. Bei nayo itakumaliza. Kumleta Birmingham usikuwaze kabla ya kumwona wakili wa uhamiaji.

Ningejenga pale pale. Ila nisingetoa akiba yote. Jengeni vyumba viwili na choo cha ndani, tofali za saruji zilizojazwa nondo, paa la zege badala ya bati. Kimbunga Beryl cha Julai 2024 kilipita kusini kikararua mabati ya upande ule ule, ikaja Melissa ndani ya miezi kumi na sita. Atakayepaua kwa bati tena ajue anangoja lingine. Tangi la maji ya mvua liwe kubwa, huko maji ni kila kitu. Pesa hiyo ihesabuni kuwa zawadi kwa mama, kama karo mliyomlipia mtoto: imetoka, imefanya kazi yake. Kama moyo wako hauwezi kuiona hivyo, mwambie mume wako sasa, kabla ya tofali la kwanza, na punguzeni hadi kiwango unachoweza kukiachia. Una haki ya kusema hivyo. Pesa ya zamu za usiku ni yako pia.

Kisha mama mdogo asipewe taarifa, aombwe ridhaa. Pamoja na ndugu wote mnaoweza kuwapata, pale, Uingereza na Canada, waandike kwamba nyumba ni ya mama hadi mwisho wa maisha yake, na nini kitafuata baada yake. Asilani mume wako asianze mchakato wa hati kwa jina lake kimya kimya, hata kama mtu atamwambia ni rahisi. Ni rahisi, na ataharibu ukoo.

Hapa ndipo maneno yangu yanapokoma, unahitaji watu wa kukaa nao ana kwa ana. Mtafuteni wakili wa Jamaika, asiwe wa Birmingham, anayeshughulika na ardhi ya familia, na mpima ardhi mwenye leseni. Wapelekeeni risiti za zamani za kodi ya ardhi, kila mama kule anazo kwenye kopo la biskuti au bahasha fulani. Wakala wa Ardhi wa taifa lao atawaambia kama kipande hicho kiliwahi kusajiliwa kwa jina la babu wa babu. Mara nyingine hati ipo na hakuna aliyejua. Fundi mlipeni kwa hatua, msitume kwa mkupuo. Na kwa kuwa wewe ni muuguzi, nadhani umeshalifikiria hili: kama mama ana presha au kisukari, au ameanza kusahau, daktari amwone kabla hamjaamua. Hospitali ya Black River, ya huko huko St Elizabeth, iliumia vibaya kwenye Melissa. Daktari akisema hawezi kukaa peke yake, yote niliyoandika yanabadilika, na hapo chumba cha mama mdogo kinakuwa neema, angalau kwa miezi.

Mpigieni mama mdogo kwanza, Jumapili baada ya ibada, wakati wali wa nazi na maharage uko jikoni kwake kama ulivyo kwa dada yake. Mume wako amwulize kama shelisheli ya nyumbani bado analetewa, na siku yake ikifika anataka azikwe wapi. Mwacheni aongee hadi amalize. Halafu mpigieni mama, mumwulize jikoni la nje analitaka upande gani wa nyumba.